Majibu kwa Wasomaji: Ukiacha Vidonge vya Uzazi wa Mpango, Damu Hurudi Lini Katika Hali Yake?

Barua nne za toleo hili zimetoka pembe tofauti za Uganda na waandishi wake hawajuani, lakini zote zinazunguka swali moja: mwanamke anapoacha dawa ya homoni ya kupanga uzazi, damu yake hubadilika vipi katika ile kazi yake ya kuganda, na mabadiliko hayo huchukua muda gani? Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja litamfaa mwenzake. Nimefanya hivyo pia kwa sababu, nilipozisoma, niliona kwamba watu wengi wanaogopa siku ya kuacha dawa, ambayo haina madhara kwa damu, na wanalichukulia kwa wepesi jambo la kuacha na kuanza tena, ambalo ndilo lenye hatari.

Musawo, nakusalimu kutoka Arua. Nina umri wa miaka 39, ninauza vitenge, na nina watoto wanne. Kwa miaka sita nimekuwa nikimeza vidonge vya uzazi wa mpango, vile ambavyo pakiti yake ina vidonge saba vya kahawia mwishoni. Nimepangiwa upasuaji Kampala wa kuondoa uvimbe katika mji wa mimba, na daktari ameniambia niache vidonge wiki nne kabla. Jirani yangu anasema dawa hizo hukaa katika damu mwaka mzima, kwa hiyo wiki nne ni kazi bure. Mwingine anasema kuziacha ghafla ndiko kunakofanya damu igande. Nimsikilize nani?

Mama, msikilize daktari wako. Majirani zako wanakutakia mema, lakini wote wawili wamekosea, na nitakueleza ni kwa nini, ili uende Kampala ukiwa na moyo uliotulia.

Damu ya mtu mwenye afya hukaa katika mizani. Upande mmoja zipo protini zinazoigandisha ili jeraha lifunge, na upande wa pili zipo protini zinazoizuia isigande mahali pasipohitajika. Nyingi kati ya protini hizo hutengenezwa na ini. Vidonge vyako vina homoni mbili, yaani estrojeni iliyotengenezwa kiwandani na projestini, na ile ya kwanza, inapopita katika ini, hulifanya litengeneze fibrinojeni na vigandishi vingine kwa wingi zaidi, huku ikipunguza antithrombini na protini S, ambazo ni miongoni mwa breki za damu. Protini C, breki nyingine kubwa, inaendelea kuwapo lakini nguvu yake ya kuzuia hupungua. Hakuna badiliko hata moja kati ya hayo lililo kubwa likisimama peke yake, lakini yakijumlishwa huuinamisha mzani upande wa kuganda.

Unainama kwa kiasi gani? Kwa makadirio ya Shirika la Dawa la Ulaya, katika kila wanawake 10,000 wasiotumia homoni wala kuwa wajawazito, wapatao 2 hupata donge la damu katika vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, kwa mwaka mmoja. Kwa wanaotumia vidonge vyenye projestini iitwayo levonojestreli, ambayo ndiyo iliyo katika vidonge viitwavyo Microgynon, idadi huwa kati ya 5 na 7. Kwa wanaotumia vidonge vyenye drospirenoni au desojestreli huwa kati ya 9 na 12. Utaona basi kwamba hatari huongezeka mara kadhaa, lakini hata ikiongezeka hivyo hubaki ndogo kwa mwanamke mmoja mmoja. Jambo hili lilianza kujulikana zamani. Mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya kidonge cha kwanza kuidhinishwa Marekani, daktari mmoja wa Uingereza aliandika katika jarida la Lancet habari za muuguzi aliyepata donge katika mapafu akiwa anatumia dawa hizo. Vidonge vya wakati ule vilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni, na vya leo kwa kawaida vina 30 au hata 20, na upunguzaji huo umeokoa maisha ya wanawake wengi.

Sasa tuje kwenye kuacha. Estrojeni ya vidonge haikai mwilini mwaka. Kila siku moja inayopita, kiasi chake katika damu hupungua kwa karibu nusu, hivyo wiki moja tangu kidonge cha mwisho hakuna kilichobaki cha kutajwa. Kinachochelewa ni zile protini ambazo ini lilikwisha kuzitengeneza, kwa maana kila moja ina umri wake: protini moja iitwayo kigandishi cha saba huishi saa chache tu, ilhali fibrinojeni hukaa siku tatu hadi tano, na nyingine hukaa zaidi. Lazima za zamani zitumike na kuisha, na mpya zitengenezwe na ini lisilosukumwa tena na homoni. Kwa hiyo damu hurudi katika hali yake kwa wiki, wala si kwa siku moja au mbili wala kwa mwaka.

Watafiti wa Geneva, Uswisi, walilipima jambo hili kwa makini na kulichapisha mwaka 2024 katika jarida liitwalo Blood. Waliwafuata wanawake 66 walioacha vidonge na njia nyingine zenye estrojeni, wakawapima damu tangu kabla ya kuacha hadi wiki ya 12, na kuwalinganisha na wanawake wasiotumia homoni. Waliona kwamba karibu asilimia 80 ya kushuka kwa viashiria vya kuganda kulitokea katika wiki mbili za kwanza, na kufikia wiki ya nne kulikuwa kumefika asilimia 85 hivi. Mabadiliko yaliyobaki yalikuwa madogo na yaliendelea polepole. Walichopima ni viashiria vya maabara, hawakuhesabu madonge yenyewe, na kwa hiyo mimi siwezi kukuambia kwamba siku ya 14 hatari inafikia kiwango fulani hasa. Hata hivyo, matokeo hayo yanaonyesha kwamba wiki nne alizokupa daktari zinatosha, na kwamba kazi kubwa hufanyika mapema. Vilevile yanamjibu jirani yako wa pili: viashiria vilishuka tangu mwanzo, bila kupanda kwanza. Hakuna msukosuko wa kuganda unaoletwa na kuacha ghafla, na hakuna haja ya kumeza nusu nusu ili uuzoeze mwili.

Nakuomba uangalie mambo matatu. La kwanza ni hesabu ya siku. Vile vidonge saba vya kahawia havina homoni yoyote. Ni vya madini ya chuma, vya kuongeza damu. Kwa hiyo hesabu wiki zako nne kuanzia kidonge cha mwisho cha homoni, yaani cha 21. Siku mbili hadi nne baada ya kuacha utapata hedhi, na huenda miezi inayofuata ikawa nzito kuliko ulivyozoea, hasa kwa mwanamke mwenye uvimbe, kwa hiyo mwombe daktari akupime kiwango cha damu mapema kabla ya siku ya upasuaji.

La pili ni ujauzito. Nimeona wanawake wakiambiwa waache vidonge bila kuambiwa watumie nini badala yake, na jambo hilo linanisikitisha kila ninapolikuta, kwa sababu ujauzito huigandisha damu kuliko vidonge. Wakati wa mimba idadi ya wanaopata donge huwa kati ya 5 na 20 katika kila 10,000 kwa mwaka, na katika wiki za kwanza baada ya kujifungua kiwango hicho hupanda hadi kati ya 40 na 65. Mtumie kondomu wewe na mumeo, au muulize daktari kuhusu kipandikizi cha mkononi, ambacho hakina estrojeni. Kitanzi huenda kisikufae kwa sasa ikiwa uvimbe umebadilisha umbo la mji wa mimba.

La tatu ni safari yenyewe. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kukaa kitini saa nne au zaidi bila kuinuka, iwe katika ndege, gari au basi, huongeza uwezekano wa kupata donge mara mbili hivi. Kutoka Arua hadi Kampala ni zaidi ya saa nne kwa mbali. Basi linaposimama njiani, iwe Pakwach au Karuma, shuka utembee. Ukiwa kitini zungusha nyayo zako na ukunje vifundo. Na usijinyime maji kwa kuogopa kukosa choo. Baada ya upasuaji usikimbilie kurudi nyumbani kwa sababu ya biashara. Upasuaji wa tumbo na kulala kitandani vinaigandisha damu hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona kidonge, kwa hiyo waulize wakupangie siku ya kusafiri, na uanze kutembea wodini mara watakapokuruhusu.

Musawo, mimi ni dereva wa lori. Nyumbani ni Malaba na kazi yangu ni kupeleka mizigo Juba, hivyo mara nyingine naondoka mwezi mzima na zaidi. Mke wangu ana miaka 31. Nikiondoka huacha vidonge, anasema anaupumzisha mwili ili damu ijisafishe, na nikirudi huanza tena. Amefanya hivyo kwa miaka miwili. Mwezi uliopita, siku chache baada ya kurudi kwangu, alilalamika maumivu ya mguu mmoja, yakaisha yenyewe. Je, mapumziko haya yanamsaidia au yanamdhuru?

Ndugu yangu, nashukuru kwamba umeuliza, kwa sababu barua yako inagusa jambo ambalo lingepaswa kuelezwa kila mahali ambapo vidonge hivi hutolewa. Kabla ya yote, mpeleke mkeo hospitali wiki hii akaangaliwe ule mguu, hata kama hauumi tena, na mwambieni daktari waziwazi kwamba alikuwa ameanza vidonge upya. Mpaka atakapoangaliwa, asimeze tena vidonge hivyo, tumieni kondomu.

Mapumziko hayo yanamdhuru. Hatari ya donge la damu kwa mtumiaji wa vidonge vyenye estrojeni haiko sawa siku zote. Huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, na hasa miezi ya mwanzo, kisha hupungua ingawa haifikii kiwango cha asiyetumia. Mtu anapoacha kwa wiki nne au zaidi kisha akaanza tena, anarudi katika kile kipindi cha mwanzo chenye hatari zaidi. Umesoma jibu langu kwa mama wa Arua: katika wiki nne za kuacha, damu imekwisha kurudi karibu kabisa katika hali yake. Hilo ni jema kwa anayeacha moja kwa moja au anayejiandaa kwa upasuaji. Lakini mkeo, kila unaporudi, huusukuma mzani upya upande wa kuganda, na mwezi unaofuata huuachia, na unaofuata huusukuma tena. Mwanamke aliyemeza vidonge miaka miwili mfululizo amepita kipindi kigumu mara moja. Mkeo amekipita mara nyingi kadiri ya safari zako.

Neno la kuupumzisha mwili limeenea sana, na nalisikia hata kwa watu waliosoma. Linatokana na wazo kwamba homoni hurundikana katika damu kama masizi katika bomba la moshi. Hazirundikani. Mwanamke aliyemeza vidonge miaka kumi na aliyemeza mwaka mmoja, wote wawili homoni huwatoka kwa siku zile zile chache. Hakuna cha kusafisha, na wala kuendelea kumeza hakuzuii kupata mtoto baadaye.

Kuna hasara nyingine ambayo pengine hamkuifikiria. Anayeanza vidonge katikati ya mzunguko wake wa hedhi hajakingwa mpaka ameze siku saba mfululizo. Ikiwa mkeo huanza siku unayoingia nyumbani, basi juma lenu la kwanza halina kinga, na nimekwisha kutaja kwamba mimba huigandisha damu kuliko vidonge.

Ushauri wangu ni kwamba mkae wawili na mchague njia isiyohitaji kuachwa na kuanzwa. Kuna vipandikizi vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Implanon hukaa miaka mitatu na Jadelle miaka mitano, na vyote viwili havina estrojeni. Kuna kitanzi cha shaba, ambacho wengi wetu hapa Uganda tunakiita koili, ambacho kinaweza kukaa hadi miaka 12 na hakina homoni ya aina yoyote, kwa hiyo hakiigusi damu katika kuganda kwake, ingawa kinaweza kuongeza wingi wa hedhi. Huduma hizi hupatikana katika hospitali za serikali na katika vituo vingi vya afya. Na ikiwa baada ya kuangaliwa mguu daktari ataona kwamba vidonge bado vinamfaa, na yeye mwenyewe anavipenda, basi avimeze kila siku, uwepo au usiwepo.

Kwa kuwa wewe ndiye unayekuwa naye anapoanza upya, zijue dalili. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu au paja, ukawa na joto au ukabadilika rangi, hiyo si dalili ya kuchuliwa kwa mafuta. Usiuchue kamwe. Kukosa pumzi ghafla, maumivu ya kifua yanayozidi anapovuta hewa, kukohoa damu, au kuzimia: huenda donge limekwisha kufika katika mapafu, na hapo msisubiri asubuhi. Vivyo hivyo kwa maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata, uso kupinda, au mkono na mguu wa upande mmoja kukosa nguvu. Lori likiwa ndilo usafiri pekee ulio karibu, mpelekeni kwa lori. Nawe pia, kwa kazi yako ya kukaa kwenye usukani tangu alfajiri, teremka utembee kila baada ya saa chache.

Shikamoo Musawo. Mimi ni mwanafunzi hapa Kampala, nina miaka 22. Nilichoma sindano ya miezi mitatu kwa mwaka mmoja na nusu, na hedhi ikakoma kabisa. Niliacha, na baada ya miezi minane hedhi imerudi ikiwa na mabonge meusi. Mama anasema ni damu iliyokuwa imejikusanya tumboni muda wote huo na kuganda, na amenunua dawa ya miti shamba ya kuisafisha. Naogopa mabonge haya yasije yakapanda moyoni. Je, yanaweza?

Marahaba, mwanangu. Hayawezi. Kiswahili chetu hutumia neno moja, kuganda, kwa mambo mawili yasiyokutana. Donge lile la hatari hujijenga ndani ya mshipa, katika damu inayotembea, na kwa kuwa limo katika njia ya damu linaweza kung'oka na kusafirishwa hadi kwenye mapafu. Mabonge ya hedhi ni damu iliyokwisha kutoka katika mishipa, ikakaa kidogo katika mji wa mimba au ukeni kabla ya kutoka, ikaganda kama inavyoganda damu ya kidole kilichokatwa. Haina njia ya kurudi katika mishipa. Inatoka nje, na huo ndio mwisho wake.

Mama yako ana wasiwasi wa mzazi, na maneno aliyoyasema yamesemwa na wazazi wengi, kwa hiyo mweleze kwa heshima. Sindano ile huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba uwe mwembamba sana, na hedhi si kitu kingine ila utando huo ukibomoka. Usipojengwa, hakuna cha kubomoka. Takriban nusu ya wanaoitumia hawapati tena hedhi baada ya mwaka mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyebeba akiba ya damu tumboni. Sasa utando wako umeanza kujengwa tena na mpangilio wa homoni zako haujatulia, ndiyo maana hedhi za mwanzo zinakuja nzito na zenye mabonge.

Kuhusu kuganda kwa damu kwenyewe, sindano hiyo haina estrojeni, na mabadiliko inayoyaleta katika protini za kuganda ni madogo kuliko ya vidonge vya mchanganyiko, yaani vile vyenye homoni mbili. Sitakuficha kwamba tafiti kadhaa zimeona madonge mengi zaidi kwa watumiaji wa sindano kuliko kwa wasiotumia homoni, jambo ambalo halijaonekana kwa vidonge vya projestini pekee. Bado hatari hiyo ni ndogo, na Shirika la Afya Duniani linairuhusu sindano kwa wanawake karibu wote. Tofauti kubwa iko katika kuacha. Anayeacha vidonge, homoni humtoka kwa siku chache; aliyechoma sindano ana akiba ya dawa katika mwili inayotoka polepole kwa miezi, na ndiyo sababu uwezo wa kushika mimba hurudi kwa wastani miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho. Zile wiki mbili na wiki nne nilizozitaja hapo juu, kwa hiyo, usizitumie kwa sindano. Miezi minane tangu sindano ya mwisho ni muda wa kawaida kabisa.

Usinywe dawa ya kusafisha damu. Hakuna uchafu wa kusafishwa, na dawa isiyojulikana kiasi wala viungo vyake inaweza kukuongezea kutokwa na damu au kulichosha ini. Aspirini pia usiimeze kwa lengo la kulainisha damu, itaiongeza hedhi. Nenda kituo cha afya ikiwa pedi inajaa ndani ya saa moja kwa saa kadhaa mfululizo, ikiwa mabonge ni makubwa kuliko sarafu ya shilingi 500, ikiwa hedhi inapita siku saba, au ukisikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Na ikiwa umekuwa na mwenzi tangu uache sindano, pima ujauzito kwanza, kwa maana damu yenye mabonge huweza kuwa mimba inayotoka.

Musawo, ninaandika kutoka Tororo. Nina miaka 28. Miezi mitano baada ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango nilipata donge la damu katika mguu wa kushoto. Niliachishwa vidonge na nikaanzishiwa dawa iitwayo warfarini. Sasa ni wiki ya saba. Mtu mmoja wa duka la dawa ameniambia kwamba homoni zimekwisha mwilini, kwa hiyo naweza kuacha na warfarini. Hedhi yangu imekuwa nyingi mno. Na je, baada ya mwaka naweza kurudia vidonge?

Pole sana, dada yangu. Aliyekuambia hivyo amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki ingeweza kukugharimu maisha. Ni kweli kwamba baada ya wiki saba msukumo wa estrojeni katika damu yako umekwisha. Lakini donge bado lipo, au mabaki yake, na ukuta wa vena mahali pale haujapona. Warfarini haiyeyushi donge. Inalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unalimaliza polepole, na kazi hiyo huhitaji angalau miezi mitatu. Usiache hata siku moja bila daktari aliyekuanzishia, na usikose kipimo cha damu cha kuangalia dozi, kwa sababu warfarini ikizidi hukutoa damu na ikipungua haikukingi.

Hedhi nyingi ina sababu mbili zilizokutana: vidonge vilivyokuwa vikiipunguza vimeachwa, na warfarini inaizuia damu isigande kwa wakati. Mweleze daktari, upimwe kiwango cha damu, upewe madini ya chuma ikihitajika. Kuna kitanzi chenye levonojestreli ambacho hupunguza sana hedhi na kukinga mimba kwa pamoja, nacho kinaruhusiwa kwa mtu mwenye historia yako. Ulizia kama kinapatikana katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Kisipopatikana, kipandikizi cha mkononi pia kinaruhusiwa. Kitanzi cha shaba ni salama kabisa kwa upande wa kuganda, ila kwa hedhi uliyonayo sasa ningekuomba usubiri.

Njia moja ya kukinga mimba ni lazima uwe nayo, tena sasa, kwa kuwa warfarini humdhuru mtoto aliye tumboni, hasa kati ya wiki ya sita na ya 12 ya mimba. Ukikosa hedhi hata kwa siku chache, pima ujauzito na urudi kwa daktari siku hiyo hiyo, akubadilishie dawa.

Vidonge vyenye estrojeni usivirudie baada ya mwaka, wala baada ya miaka kumi. Kuna faraja katika habari hii: mtu ambaye donge lake lilisababishwa na vidonge, naye akaviacha, ana uwezekano mdogo wa kupata jingine kuliko mtu ambaye donge lake halikujulikana limetoka wapi. Lakini damu yako imeonyesha jinsi inavyoitikia homoni hiyo, na kuianza tena ni kuirudisha pale pale. Andika katika daftari lako la hospitali, kwa maneno yanayosomeka, kwamba ulipata donge ukiwa unatumia estrojeni, pamoja na mwezi na mwaka. Mwambie kila mhudumu atakayekuandikia dawa ya homoni, na waambie dada zako wa tumbo moja, ili nao walitaje wanapochagua njia ya uzazi wa mpango. Na siku utakapotaka mtoto, nenda kliniki mara tu unapogundua mimba, ukiwa na daftari hilo mkononi, kwa kuwa huenda ukahitaji sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ambazo hazivuki kumfikia mtoto, tangu mwanzo wa mimba hadi wiki ya sita baada ya kujifungua.